Mlango Usiorushiwa Dadu

Kaukauna, Jumanne, 6 Februari 2018

Kwa wifi yangu Corinne,

Amani ya Bwana iwe nyumbani kwako. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako limekuonea huruma katika baridi hii. Sisi huku hatujambo. Kaka yako Dwight ana mafua, lakini anakula kama kawaida, kwa hiyo sina wasiwasi naye. Theluji imefika usawa wa dirisha la gereji na bado anasema ataitoa kesho.

Nimekupigia simu mara sita tangu Jumamosi. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Simu unaweza kuizima, lakini barua ni lazima uichane, nami nakujua, wewe huchani karatasi yenye maandishi.

Naomba niisimulie Jumamosi ile kama nilivyoiona mimi, uniambie nimekosea wapi. Tulikuwa wanne kama ilivyo miaka yote hii minne, mezani kwetu katika chumba cha chini ya kanisa, tukicheza ule mchezo wetu wa hadithi ambamo kila mtu anaigiza mhusika wake, birika la kahawa linanguruma. Mimi msimuliaji nimekaa nyuma ya kadibodi yangu inayoficha ramani na dadu, nyinyi watatu mbele yangu na wahusika wenu. Nahodha wa Norbert alikuwa amechomwa mkuki tumboni. Kibete wa Dwight amembeba mgongoni. Sista Amadea wako akaliona hekalu la imani yake pale kilimani, nawe ukaniambia, "Nagonga."

Ukanisogezea karatasi yako, kidole juu ya ule mstari wa asili ya mhusika. Amelelewa madhabahuni, kwa hiyo kila hekalu la imani yake litampokea yeye na wenzake, litawatibu na kuwalaza. Miaka minne hukuwahi kuutumia.

Mimi nikasema ngoja nirushe dadu, nione padri wa hekalu ameamkaje siku hiyo. Nikarusha huku nyuma ya kadibodi. Kisha nikamfanya padri achungulie dirishani na kusema, "Leo hapafai. Tumejaa."

Ukanitazama, ukasema, "Hata humu?" Basi. Mkaenda kwenye kinu kilichoungua, mkavamiwa, nahodha akafa mikononi mwa Amadea. Ukavaa koti lako ukaondoka, na Norbert akabaki ameshika sahani ya keki aliyokuwa anakupa.

Sasa wifi, unajua mimi sikusoma sana, nilitoka shule nikaingia kiwandani kufunga jibini na niko hapo hadi leo. Lakini naona hivi: dunia ambayo kila mlango unafunguka si dunia, ni ndoto. Norbert mwenyewe alicheka. Nahodha wake asili yake ni ubaharia, na kitabu cha mchezo kinasema atapata chombo cha kumvusha bila nauli. Je, tukiwa jangwani nimletee merikebu juu ya mchanga? Kibete wa Dwight ni mtoto wa bwana mkubwa. Je, wanyang'anyi waache upanga na kumpigia magoti? Lazima msimuliaji awe na uwezo wa kusema hapana. Nilitaka tu hofu iwepo kidogo.

Kama nilikuumiza, samahani. Nijulishe unaendeleaje.

Wifi yako akupendaye,
Arlys


Kaukauna, Jumanne, 20 Februari 2018

Mpendwa wifi,

Habari za Kwaresima? Sisi tulipakwa majivu Jumatano iliyopita, na Dwight alisahau akapangusa yake kwa leso kabla hatujafika kwenye gari. Mafua yamemwacha. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako haijafika. Labda posta imechelewa na theluji.

Jumamosi mbili sasa hatujacheza. Tunakaa, tunakunywa kahawa, tunaongea habari za wagonjwa wa parokia, tunaondoka. Norbert anakusalimu. Anasema kama umekasirika kwa ajili ya nahodha wake uache mara moja, maana ameshatengeneza mtu mwingine, mpishi wa jeshi anayeonja kila kitu kabla ya wenzake, naye anampenda kuliko yule marehemu.

Nimefikiri sana, nikaona njia rahisi ipo. Tuseme siku ile haikuwapo. Nitaanza pale ulipogonga, na mara hii padri atafungua. Nahodha atapona. Haitanigharimu kitu.

Kuna jambo jingine dogo ambalo sikuliandika katika barua ya kwanza. Nimeanza kuliandika hapa mara mbili nikabadilisha karatasi. Mungu akinipa moyo nitakuandikia.

Niandikie hata mstari mmoja.

Wifi yako,
Arlys


Manitowoc, Jumamosi, 3 Machi 2018

Arlys,

Asante kwa salamu. Goti ni lile lile. Kazini, kwenye nyumba ya wazee, mafua yamewalaza watu wa ghorofa nzima, tumekuwa tukifua mashuka bila kupumzika, lakini mimi yamenipita.

Barua zako zote mbili nilizipata kwa wakati. Posta haina kosa. Uliuliza umekosea wapi. Nitakujibu kwanza kama mchezaji, halafu kama Corinne.

Kama mchezaji. Rungu la Amadea likikosa shabaha, nakubali. Sala yake ya kuponya ikigoma, nakubali. Hayo ni mambo anayoyajaribu, na mtu anayejaribu anaweza kushindwa, ndiyo maana tuna dadu. Lakini alikotoka hajaribu kutoka. Alishatoka. Katika karatasi ile nzima ni mstari huo peke yake ambao hauombi dadu, na wewe ukaurushia.

Merikebu ya jangwani ni utani wa Norbert, na Norbert si mjinga. Pasipo na bahari hawezi kudai chombo, wala mimi nisingedai hekalu pasipo na hekalu. Ungesema hapa hakuna imani yako, ningenyamaza na kumbeba nahodha hadi kwingine. Lakini wewe ndiye uliyeliweka pale kilimani. Uliniambia kengele yake ina mlio gani. Uliniambia alama ya imani yangu imechongwa juu ya mlango. Halafu ukaufunga.

Na hofu uliyoitaka ungeipata tele. Padri angefungua huku anatetemeka, atuambie wanaotuwinda wamepita asubuhi na wamesema watarudi. Angetulaza zizini kwa kuwaogopa. Angetutibu, kisha atuombe tulilinde hekalu lake, nasi tungekufa mlangoni pake kama ingebidi, na nisingekulaumu. Weka unachotaka ndani ya mlango. Lakini fungua.

Sasa kama Corinne.

Novemba 2009, Jumapili, baada ya misa ya saa tano. Nilikuja kwako na binti yangu. Alikuwa darasa la pili, amebeba begi la shule, vitabu tumevitoa tumejaza nguo. Mdomo wangu ulikuwa umevimba, uliuona. Dwight alikuwa amekwenda kuwinda. Mezani kwako walikuwa watu wa baraza la parokia na mwenyekiti wao, baba mdogo wa mume wangu. Nilisikia sauti yake akiomba viazi viongezwe. Ulifungua mlango nusu, ukauzuia kwa mguu wako, ukasema, "Leo hapafai, wifi. Tumejaa."

Yule padri wako hakuwa na sauti yake, Arlys. Alikuwa na sauti yako, na maneno yako, na hata ile namna yako ya kutazama pembeni.

Nilipoanza kucheza na nyinyi, Norbert alinipa kitabu nichague asili. Alidhani nitachagua mtu wa vita, kwa kuwa naongea kwa ukali. Nilichagua Amadea kwa ajili ya mstari ule tu. Nilitaka mlango mmoja ambao hautanitazama usoni kwanza. Sikuugonga miaka minne kwa sababu nilikuwa naona raha kujua kwamba upo.

Sijawahi kumwambia Dwight. Wala usinijibu upesi.

Corinne


Kaukauna, Ijumaa, 9 Machi 2018

Wifi yangu Corinne,

Nakusalimu. Sikuulizi hali yako kwa kuwa umeshaniambia, na mimi ndiye sababu.

Ulisema nisijibu upesi. Nimekaa siku nne na barua yako kwenye mfuko wa aproni. Kazini msimamizi aliniuliza kama nimefiwa.

Nataka kukuambia kwamba nilikuwa nimesahau Jumapili ile. Lingekuwa jibu zuri, lakini si kweli. Sikusahau. Niliiweka mahali nisipopita, kama chumba cha wageni kinachofungwa majira ya baridi ili kupunguza gharama ya joto. Lakini mbele ya Mungu, nilipomsemea yule padri sikujua ninasema nini. Mdomo ulijisemea. Nadhani hilo ni baya zaidi, maana linaonyesha nilikuwa nimeyatunza maneno yale vizuri, yako tayari kutumika.

Wala hatukuwa tumejaa. Chumba cha cherehani juu kilikuwa kitupu, kitanda kimetandikwa. Niliogopa yule mzee asikuone, maana alikuwa ameniahidi nafasi katika baraza na nilikuwa nimeitamani miaka. Nilipewa. Nikakaa ndani ya baraza miaka mitatu tukijadili rangi ya mapazia.

Baada ya kufunga mlango nilirudi mezani. Aliuliza ni nani. Nikasema ni watu wa kuuza majarida.

Nimekaa nikahesabu, wifi. Tangu siku ile hujakanyaga nyumbani kwangu. Krismasi ulikuwa na mafua, Pasaka gari lilikataa, na siku tuliyomzika mama yenu ulisimama uani kwetu na sahani mkononi, mvua inanyesha. Mimi nilijisifu kwa watu kwamba mimi na wifi yangu tunaonana kila Jumamosi.

Sasa lile jambo dogo. Uliona nikirusha dadu nyuma ya kadibodi. Ilisimama kwenye kumi na nane.

Unajua maana yake kuliko mimi. Kwa dadu yetu yenye pande ishirini, hata kama ilikuwa halali kurusha, hata kama padri yule aliamka na kichwa kinamuuma na anawachukia wageni wote, kumi na nane ilitosha kufungua mlango. Niliiona. Niliifunika kwa kiganja nikasema tumejaa.

Nilidanganya kwa sababu ya ramani. Ile ya kinu kilichoungua niliichora wiki tatu, saa za mapumziko kiwandani, kwa kalamu za rangi. Nilichora hadi panya. Mngelala hekaluni msingeuona ule mchoro wangu. Hiyo ni sababu moja. Nyingine naiandika kwa aibu: nilipenda. Kwa dakika moja, wewe umegonga, na mimi ndiye niliyeamua uingie au usiingie, nilijisikia mkubwa.

Jumamosi iliyopita, kabla barua yako haijafika, nilikwenda kuungama lile la dadu. Nilidhani Padri Lenz atacheka. Hakucheka. Aliuliza kama wewe umeshaambiwa. Nikasema bado. Akasema, "Basi umeanzia kwa mtu asiyehusika." Akanipa kitubio kidogo sana, na udogo wake ndio unaonichoma.

Naomba msamaha kwa yote mawili. Sitakuomba urudi kucheza. Nikiomba na hilo nitakuwa ninakudai wakati mimi ndiye mwenye kosa.

Arlys


Kaukauna, Jumatatu, 16 Aprili 2018

Kwa Corinne,

Amani ya Mfufuka ikufikie. Wiki tano hujaandika na sikulaumu. Nakuandikia ili ujue yaliyotokea upande huu, kwa kuwa yanakuhusu na sipendi uyasikie kwa watu.

Ijumaa Kuu nilimwambia Dwight habari za Novemba ile. Tulikuwa tunakula samaki. Aliweka uma chini. Akauliza, "Alikuwa na begi?"

Nikasema mtoto ndiye aliyekuwa na begi.

Akainuka, akachukua koleo la theluji akatoka nje. Theluji yenyewe ilikuwa imekwisha. Nilimwona kwa dirisha, amesimama na koleo kwenye lami kavu. Siku nne hakunisemesha, hata Pasaka. Kanisani alinipa mkono wa amani kama anavyompa mtu wa benchi la nyuma. Sasa anaongea, lakini anaongea kidogo, na nastahili.

Jumamosi baada ya Pasaka niliwaambia mezani habari ya ile kumi na nane. Habari za mlango wangu sikuzisema, hizo ni zako, useme au usiseme. Nilisema tu kwamba namba ilikuwa njema na nilidanganya.

Norbert akauliza, "Kwa hiyo nahodha wangu amekufa kwa ajili ya kalamu za rangi?" Nikasema ndiyo. Akaomba aione tena ile ramani. Akaitazama, akasema panya wamechorwa vizuri, lakini si kwa thamani hiyo.

Kisha akaacha utani. Akasema, "Arlys, nilipeleka barua za mji huu miaka thelathini na moja. Sikuwahi kushika bahasha nikajiuliza kama mwenyewe anastahili kuipata. Anwani ikiwepo, unapeleka. Anwani ikiwa haipo, unarudisha. Mbwa yupo, unaumwa na mbwa, lakini barua inafika."

Nimeielewa hivyo sasa. Asili ya mhusika ni anwani. Pasipokuwa na nyumba hakuna pa kupeleka, na merikebu haiji jangwani. Lakini nyumba ikiwepo, kazi yangu si kuamua, kazi yangu ni kufikisha, na kama ninataka matata niyaweke njiani au ndani.

Tumekubaliana dadu zote zirushwe mezani mbele ya watu. Kadibodi nimeichoma kwenye pipa la uani. Norbert alisema hilo lilikuwa jambo la kuigiza mno, na labda ni kweli.

Walikubali pia kuirudisha nyuma siku ile ukitaka. Norbert anasema nahodha yuko tayari kufufuka, ila utujulishe mapema kwa sababu mpishi hapendi kugawana chakula.

Sikuombi chochote. Ninakuombea asubuhi na jioni, na sikuambii ili unishukuru.

Arlys


Manitowoc, Alhamisi, 10 Mei 2018

Arlys,

Salamu. Goti limepona, daktari alilichoma sindano na sasa ninapanda ngazi. Natumaini nyinyi hamjambo.

Dwight alikuja hapa katikati ya ile theluji ya Aprili, siku ambayo polisi walikuwa wakiwaambia watu wasitoke. Saa mbili njiani. Alikaa jikoni kwangu na koti lake, akasikia bomba linadondosha maji, akalitengeneza. Alipomaliza akasema, "Ningekuwa nyumbani." Nikamwambia najua. Alilia kidogo. Usimwambie nimekuambia.

Ya dadu nimekusamehe. Ilinichukua siku moja, na sehemu kubwa ya siku hiyo nilikuwa nikikasirikia panya.

Ya Novemba sijaweza. Naiomba neema ya kusamehe kila asubuhi kabla ya kazi. Haijaja bado, na sitakuandikia kwamba imekuja ili sote tupumzike. Ulisema ukweli wako hata pale ulipokuumbua, hasa lile la kujisikia mkubwa. Nimelisoma mara nyingi. Ndilo lililonifanya nikae kuandika, kwa sababu ni kitu ambacho mtu hawezi kukibuni ili apendwe.

Siku ile msiirudishe nyuma. Nahodha amekufa, na Amadea alimzika pale kinuni kwa mikono yake. Yeye amebaki huko. Siwezi kumtoa na kumfanya kama hakuona alichokiona.

Nitakuja Jumamosi ya tarehe 19. Nitakuja chini ya kanisa, siyo nyumbani kwako. Usinialike kula baadaye, na usinitazame sana. Simulia tu kama unavyosimulia, unajua kusimulia.

Nimetengeneza mtu mpya. Ni mwanamke mwenye shoka, mfupi, hana subira. Nimejaza nguvu zake, silaha zake, lugha anazozijua. Ile sehemu ya asili nimeiacha tupu. Norbert atasema karatasi haijakamilika, mwambie ndivyo nilivyotaka. Usiijaze kwa kunihurumia, wala usirushe dadu ili ituchagulie. Siku nitakayojua anakotoka nitaandika mwenyewe, kwa wino.

Wifi yako,
Corinne